Waliosha Nyavu Zilizotoka Tupu

Masomo: Luka 5:1-7, 2 Samweli 11:1-4, Mithali 25:28, 2 Timotheo 1:7

Leo tunasema na wababa na vijana wanaume. Lakini wamama, msizime redio, kwa sababu neno hili linafika hadi kwenye vyungu vyenu.

Tufungue Luka sura ya 5. Petro na wenzake walikesha ziwani usiku mzima, wasipate kitu. Asubuhi Yesu anafika, anaona mitumbwi miwili kando ya maji, na wavuvi wameshuka, wanaosha nyavu zao. Mara nyingi tunalipita jambo hilo upesi, kwa sababu tunataka kufika haraka kwenye muujiza wa samaki wengi. Leo tusimame kwenye mstari wa 2. Wanaosha nyavu. Nyavu gani? Nyavu zilizotoka tupu.

Sisi watu wa Tanganyika tunaielewa hali hiyo. Ndagala wakiwa wamejaa, kila mtu ana nguvu. Vijana wanaimba, wamama wanangoja na mabeseni, hata mvivu anakimbia kushika kamba. Lakini usiku ukiwa mbaya, macho yanauma, tumbo halina kitu, na nyumbani watoto wanauliza: Baba ameleta nini? Asubuhi kama hiyo nani ana hamu ya kuosha wavu? Zamani zile nyavu zilisokotwa kwa kitani, na zikiachwa chafu zinaoza. Petro alijua hilo. Hamu ilikuwa imekwisha, lakini kazi ilikuwa haijakwisha. Akaosha. Yesu alipomwambia ashushe nyavu tena, nyavu zilikuwa tayari.

Ndugu zetu, hilo ndilo neno letu la leo: hamu inakuja na kuondoka, lakini mwanamume anajengwa na yale anayoyafanya hamu ikiwa imeondoka.

Tunaijua hamu katika kanisa letu. Wakati wa kampeni, mhubiri akiita, wababa wanajaa mbele. Wanalia, wanaahidi: naacha kasiksi, naacha lutuku, nitasoma Neno kila asubuhi, nitaleta pesa yote nyumbani. Machozi yale si ya uongo, na Roho wa Mungu anagusa kweli. Lakini wiki ya tatu vyombo vya muziki vimerudishwa, mhubiri amekwenda, na baba yuko peke yake na saa kumi na moja ya asubuhi. Pale ndipo tunapojua kama ahadi ina mizizi. Danieli hakuomba mara tatu kwa siku kwa sababu simba walikuwa wanamngoja. Danieli 6:10 inaonyesha kwamba alifanya kama alivyozoea kufanya tangu zamani. Desturi ya siku za amani ndiyo iliyomshika siku ya hatari.

Sasa tuseme wazi juu ya siku za mbalamwezi. Uvuvi wetu wa usiku ni wa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wa taa unashindwa kukusanya ndagala, basi ekipa zinapumzika. Hizo ni siku ambazo mwanamume ana vitu viwili pamoja: pesa kidogo iliyobaki na wakati mwingi. Shetani anazipenda sana siku hizo. Yule aliyevumilia upepo na mawimbi ziwani anaangushwa na chupa nchi kavu. Mwingine anaanza kucheza pari kwenye simu, akisema ni franka chache tu. Mwezi unapokwisha, wavu umepasuka vilevile, deni la dukani limeongezeka, na mtoto amerudishwa kutoka shuleni.

Daudi pia alianguka wakati wa kupumzika. 2 Samweli 11 inaanza kwa kusema kwamba ulikuwa wakati wa wafalme kwenda vitani, lakini yeye alibaki Yerusalemu. Jioni akaamka kitandani, akatembea juu ya paa, akaona, akatuma watu. Goliati hakumwangusha. Aliangushwa na jioni isiyo na kazi. Mithali 25:28 inamfananisha mtu asiyejitawala na mji uliobomolewa, usio na ukuta. Sisi wa Fizi hatuhitaji kuelezwa mji ulio wazi ni nini. Tumeishi vita, tumekimbia, wengi wetu tumevuka ziwa tukakaa Nyarugusu miaka mingi. Tunajua kwamba mahali pasipo na ulinzi, yeyote anaingia na kuchukua anachotaka. Mwanamume asiyejizuia yuko hivyo, na wanaoumia kwanza ni wale wanaolala ndani ya ukuta wake: bibi yake na watoto.

Lakini siku za mbalamwezi zinaweza kuwa baraka. Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane na kukua. Ziwa lenyewe linahitaji mtu wa kujizuia. Ukivua kila siku bila kupumzisha maji, utamaliza hata samaki wa watoto wako. Kujizuia si kupoteza. Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, Yesu aliwakuta wakitengeneza nyavu ndani ya mtumbwi, na pale pale akawaita. Siku ambayo huendi ziwani, tengeneza nyavu. Lima muhogo. Panda michikichi, ambayo itangoja miaka kadhaa kabla ya kukupa mawese. Kaa na mtoto wako uangalie daftari lake, hata kama wewe hukusoma sana.

Tuna mfano katika mkoa wetu wenyewe. Daktari Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Akiwa mdogo alimfuata baba yake kuombea wagonjwa, akatamani yeye apeleke dawa pale baba alipopeleka maombi. Hiyo ilikuwa hamu ya mtoto. Lakini baada ya hamu ikafuata miaka ya masomo, kwanza Burundi, baadaye Ufaransa, katikati akiwa amefanya kazi kwenye hospitali ya Lemera, katika milima ya teritwari ya Uvira. Alirudi Lemera kuwahudumia wamama. Mwezi wa kumi mwaka 1996 hospitali ile ilishambuliwa, wagonjwa na wafanyakazi wakauawa. Fikirini: kazi ya miaka mingi, na wavu unatoka tupu, tena umechafuka damu. Mtu angeweza kusema, basi, imetosha. Mwaka 1999 alianza kazi katika hospitali ya Panzi, Bukavu. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Dunia iliona siku moja ya tuzo. Haikuona asubuhi zote za kuamka na kuanza upya.

Pengine ndugu mmoja anasema: Mchungaji, sisi tuko chini ya neema, mbona mnatuletea sheria? Hapana. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba roho tuliyopewa na Mungu si ya woga. Ni ya nguvu, ya upendo na ya kiasi. Angalia, kiasi kimewekwa pamoja na nguvu. Wapentekoste tunaipenda sana nguvu, tunaiombea hadi asubuhi. Tukiiomba nguvu na kukikataa kiasi, tunachukua nusu ya zawadi. Na katika Wagalatia 5 kiasi ni tunda la Roho. Tunda haliangushwi kutoka mbinguni likiwa limeiva. Linakua kwenye tawi lililoshikamana na mti, polepole, kila siku.

Basi wiki hii tufanye nini? Tusiahidi mambo kumi. Mambo manne yanatosha.

Kwanza, chagua saa moja ya kuamka na kuomba, uishike hata siku usiposikia kitu moyoni. Robo saa ya kila siku inashinda mkesha mmoja wa mwaka.

Pili, pesa ifike nyumbani kabla haijafika barabarani. Mhesabie bibi yako ulichopata. Sehemu ndogo iende kwenye AVEC au likelemba, kabla ya matumizi mengine. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, ijue njia inayokuangusha, uiache. Kama ni kibanda fulani, pita upande mwingine. Yusufu hakukaa kubishana na mke wa Potifa. Alikimbia, hata vazi akaliacha.

Nne, tafuta ndugu mmoja katika kanisa awe na ruhusa ya kukuuliza kila siku ya Mungu: wiki ilikwendaje? Mitumbwi ilikuwa miwili, wa Petro na wa wenzake. Samaki walipojaa alihitaji wenzake, na hata siku ya kutokupata walikuwa pamoja.

Na ukianguka siku ya nne, usiseme yote yameharibika. Siku ya tano, osha wavu.

Wamama, mkimwona baba anajaribu, msimcheke. Mtieni moyo. Na wewe kijana ambaye usiku wako umekuwa mtupu, bila kazi, bila mahari, bila shule, usikimbilie njia ya haraka inayokuja na bunduki au na wizi. Yesu anapita bado kando ya maji haya. Akute nyavu zako ziko safi.

Tuombe. Bwana Mungu, tunakuletea wanaume wa Mboko na wa Fizi yote. Wajenge kuta zilizobomoka ndani yao. Uwape Roho wa nguvu, wa upendo na wa kiasi. Nyumba zao zipate amani, na watoto wao wale matunda yake. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.