Kukinga Vifaranga wa Karpi Dhidi ya Virusi
(Hotuba kwa wafugaji wa samaki na wavuvi wa Naivasha)



Wavuvi wa Naivasha wanakumbuka kwamba samaki aina ya karpi hawakuwa wenyeji wa ziwa hili. Walionekana humo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na inaaminika walitoroka kutoka mabwawa ya kufugia yaliyo kando ya mito inayoingia ziwani. Kufikia mwaka 2010 ndio waliokuwa wakivuliwa kwa wingi kuliko samaki wengine. Leo familia nyingi zinawategemea kwa karo na chakula.

Njia iliyowaleta karpi inaweza pia kuleta maradhi. Mafunzo yapo kwingineko. Mwaka 2003, virusi vya hapesi vya karpi viliua zaidi ya tani 1,000 za karpi waliofugwa katika Ziwa Kasumigaura nchini Japani. Virusi hivyo havimdhuru mtu anayekula samaki, lakini karpi wakiambukizwa wanaweza kufa karibu wote, na dawa ya kuwatibu hakuna.

Umri wa samaki ni jambo kubwa. Majaribio ya Japani yalionyesha kwamba karpi waliowekewa virusi siku 3 baada ya kuanguliwa hawakufa, lakini waliotimiza siku 13 na zaidi walikufa kwa wingi. Vifaranga wanaouzwa kwa wafugaji wameshapita umri huo. Kwa hiyo mfugaji humpokea samaki wakati ambapo ni dhaifu zaidi.

Joto la maji nalo huchangia. Ugonjwa huu hushamiri maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 28 za selsiasi, na maji ya Naivasha kwa kawaida hayatoki nje ya kiwango hicho. Samaki aliyepona anaweza kubaki na virusi mwilini bila dalili, kisha akawaambukiza wengine.

Dalili ni hizi: samaki kulegea na kukaa karibu na uso wa maji, matamvua kupauka au kuoza, macho kudidimia, na ngozi kuwa na mabaka. Kifo huweza kufuata kwa siku 1 au 2.

Kinga ndiyo tegemeo. Mfugaji anunue vifaranga kwa mzalishaji anayejulikana, kisha awatenge kwa angalau wiki 4 kabla ya kuwachanganya na wengine. Nyavu na ndoo zioshwe na kukaushwa juani kabla ya kupelekwa bwawa jingine. Maji ya bwawa lenye wagonjwa yasifunguliwe kuelekea mtoni, na mizoga isitupwe ziwani, bali ifukiwe shimoni pamoja na chokaa. Vifo vya ghafla viripotiwe siku hiyo hiyo kwa afisa wa uvuvi wa eneo.

Bwawa ni la mtu mmoja, lakini ziwa ni la wote.