KUILINDA RANGI YA GARI JIPYA

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na mmoja wao, ambaye ni mtumishi wa Serikali)



Nimepewa dakika ishirini nizungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo, nalo ni rangi ya gari. Mwenyekiti ana sababu mbili za kuniomba niliseme. Kwanza, wengi wetu tumefika umri wa kununua magari, aghalabu kwa mkopo wa benki au wa chama cha akiba na mikopo, na tukishalipata gari tunaambiwa tutoe fedha nyingi zaidi ili "lipigwe seramiki". Pili, vijana waliotoka katika madarasa haya haya wanaifanya kazi hiyo mijini na kupata riziki yao. Basi mnunuzi yuko hapa na fundi yuko hapa, na yafaa wote wawili waujue ukweli wa kitu kinachouzwa.

Mimi nilisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kazi yangu inahusu ununuzi na utunzaji wa mali ya umma. Kwa hiyo nitasema kama mtu anayetaka kujua fedha iliyotoka imenunua nini.

Ninaposema gari jipya sina maana ya gari lililotoka kiwandani jana tu. Kwetu gari jipya mara nyingi ni lile lililokwisha tumika Japani, likavuka bahari na kushushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa. Kwa mwenye nalo ni jipya, na deni lake ni jipya vile vile.

Rangi ni kitu gani?

Hapo zamani magari yalipakwa rangi zilizochukua siku nyingi kukauka. Gari la Ford aina ya Model T liliuzwa likiwa jeusi tu tangu mwaka 1914 hadi 1925. Mwaka 1923 DuPont na General Motors za Marekani zilileta rangi ya kunyunyizia iitwayo Duco, iliyokauka upesi, na tangu hapo magari yakaanza kupendeza kwa rangi mbalimbali. Katika miaka ya 1980 ulienea mtindo tulio nao mpaka leo, wa kupaka rangi yenyewe kisha kuifunika kwa tabaka lisilo na rangi, ambalo mafundi wetu huliita klia.

Basi tukilipasua bati la gari la leo tutaona hivi. Chini kabisa kuna dawa inayosaidia rangi kushika. Juu yake kuna praima, ambayo kiwandani bodi zima huzamishwa ndani yake na kupitishiwa umeme ili ifike hata kwenye pembe. Halafu lipo tabaka la kusawazisha, halafu rangi, halafu klia. Vyote hivyo pamoja aghalabu havizidi maikroni 150, na maikroni ni sehemu moja katika elfu ya milimita. Klia peke yake ni maikroni 35 hadi 50 hivi, na unywele wa mtu una maikroni 70 hivi. Kwa hiyo, ndugu zangu, kile kinachong'aa na kinacholikinga gari lako na jua ni chembamba kuliko unywele mmoja wa kichwa chako. Naomba jambo hili likumbukwe, maana yote nitakayosema yanatoka hapo.

Maadui wa rangi

Adui wa kwanza ni jua. Ndani ya klia kiwanda kimetia dawa ya kuzuia mionzi mikali. Dawa hiyo huisha polepole, na ikiisha klia hupauka, kisha hubanduka kama ngozi iliyoungua. Bati jeusi lililoachwa juani mchana laweza kupita nyuzi 70 za joto.

Adui wa pili ana mabawa. Kunguru wa India waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 wasaidie kusafisha taka za mji. Walizaana, wakavuka bahari, na leo wakazi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wanawajua kuliko wanavyowajua madiwani wao. Mavi ya ndege yana asidi. Yakianguka juu ya boneti lenye moto, rangi huwa imelainika. Jioni ikipoa hujikaza kulizunguka lile doa, na alama haitoki tena kwa maji. Kwa hiyo usingoje Jumamosi. Yaloweshe kwa maji mara moja, kisha yaondoe kwa kitambaa laini.

Adui wa tatu ni vumbi. Vumbi letu lina mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Anayelipangusa gari kavu kwa dasta kila asubuhi anaipiga rangi msasa bila kujua. Ile mikwaruzo kama utando wa buibui unayoiona jua likipiga, mingi yake hutokana na mkono wa mwoshaji.

Wa nne ni maji. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi na chokaa. Yakiachwa yakaukie juu ya rangi huacha madoa meupe yanayong'ang'ania. Hewa ya bahari nayo ina chumvi, na chumvi huharakisha kutu kila inapokuta bati lililo wazi.

Seramiki hufanya nini?

Hiyo inayoitwa seramiki ni maji yenye kemikali za silika yanayopakwa juu ya klia, yakashikana nayo na kukauka kuwa ngozi ngumu. Unene wake kwa kawaida ni maikroni moja au mbili tu. Kazi yake ya kweli ni hii: maji na matope hayashikilii, kwa hiyo gari huoshwa kwa urahisi na bila kusuguliwa sana, kemikali na mavi ya ndege hucheleweshwa yasiifikie klia upesi, na mng'aro hudumu. Nta ya kawaida, kama ile ya karnauba inayotoka katika majani ya mti wa jamii ya minazi uotao Brazili, hufanya kazi ya namna hiyo hiyo kwa wiki kadhaa au miezi michache. Seramiki nzuri, ikitunzwa, huhesabiwa kwa miaka.

Lakini sikilizeni na yale isiyoyafanya. Haizuii jiwe linalorushwa na lori. Haizuii ufunguo wa mtoto. Haizuii kutu ya chini ya gari. Mfanyabiashara atakuambia kwamba ugumu wake ni "9H", nawe utadhani ni ugumu wa almasi. Sivyo. Hicho ni kipimo cha penseli: ngozi ile haikukwaruzwa na penseli ngumu ya namba hiyo. Mchanga wa barabarani si penseli.

Mwenye kutaka kinga ya mawe anahitaji kitu kingine, yaani karatasi ya plastiki ya poliyurethani inayobandikwa juu ya rangi. Hiyo ina maikroni 150 hadi 200, na zile nzuri mikwaruzo yake midogo hufutika zikipata joto. Bei yake ni kubwa sana, kwa hiyo wengi hubandika boneti na bampa la mbele tu, mahali mawe yanapopiga.

Kazi inavyopasa kufanywa

Ukipeleka gari, kazi kubwa si ile ya kupaka. Gari huoshwa kwanza. Hunyunyiziwa dawa inayoyeyusha chembe za chuma, nayo hugeuka zambarau inapozikuta. Kisha rangi hupitishiwa udongo maalumu ulio laini ili itoke mikavu ya uchafu iliyonasa. Baada ya hapo fundi hupima unene wa rangi kwa kipimo chake, ndipo apige polishi kwa mashine kuondoa mikwaruzo. Hufuta mafuta yote kwa spiriti, hupaka seramiki kivulini kidogo kidogo, na gari halipati maji kwa siku moja au zaidi, kadiri maelekezo ya dawa yanavyosema.

Hapo pana hatari inayofichwa. Polishi haiongezi kitu, inakula klia. Kila inapopigwa huondoka maikroni kadhaa, na katika maikroni 40 huwezi kuondoa nyingi. Gari lililotumika Japani huenda limekwisha pigwa polishi huko, na huenda mlango mmoja umepakwa rangi upya. Fundi asiye na kipimo anafanya kazi gizani. Kwa hiyo, ndugu mnunuzi, uliza maswali matatu kabla ya kutoa fedha. Kipimo kiko wapi? Gari langu lina unene gani, na je, limepata kupakwa rangi upya? Na hiyo dhamana ya miaka mitano inataka nini kwangu? Nyingi zinadai gari lirudishwe mara kwa mara kwa malipo, na zisipotimizwa hufa. Na ikiwa gari limepakwa rangi upya gereji, liache wiki kadhaa rangi ikauke mpaka ndani kabla ya kulifunika na kitu cho chote.

Kwa vijana

Wadogo zangu, sasa nasema nanyi. Kazi hii ni ya heshima, na elimu mnayopata hapa inaitumikia. Asidi na alkali mnazosoma darasani ndizo zinazoeleza kwa nini sabuni ya unga huondoa nta.

Lakini kazi hii yaweza kuwadhuru. Dawa nyingine za kusafishia rimu zina kemikali ya jamii ya floridi, ambayo hupenya ngozi na kuunguza mpaka mfupa. Maumivu yake yaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Klia ya kunyunyizia inayochanganywa na hadina huwa na isosaianeti, ambayo ni sababu inayojulikana ya pumu kwa wapaka rangi. Kitambaa puani hakiizuii. Hata barakoa yenye chujio la mvuke yafaa ikiwa tu inakaa barabara usoni na chujio hubadilishwa kwa wakati. Mahali pa kunyunyizia kila siku inatakiwa ile inayoleta hewa safi kwa mpira kutoka nje. Tajiri akikuambia kwamba vitu hivyo ni anasa, mwulize kama mapafu yako ameyaandika katika orodha ya vifaa vyake. Kijana wa miaka ishirini hawezi kuuza pumzi ya miaka arobaini kwa ujira wa siku.

Na nyie wenye magari, mnapopatana bei mpaka ikashuka kabisa, jueni kwamba kitu cha kwanza kupunguzwa ni glovu na chujio za yule kijana.

Je, inafaa kulipa?

Jibu langu ni kwamba inategemea. Mwenye banda nyumbani na anayeosha gari mwenyewe atatosheka na nta kila baada ya miezi miwili. Mwenye kuegesha juani siku nzima chini ya kunguru, na anayetaka kukaa na gari miaka saba au minane, atapata faida kwa seramiki iliyopakwa vizuri. Mwenye kukopa fedha nyingine ili apake, huku matairi yake yamekwisha, namshauri anunue matairi.

Hata katika magari ya umma shauri langu ni hilo hilo. Hayahitaji kung'aa; yanahitaji kivuli, kuoshwa chini baada ya safari za pwani, na kila mchubuko uliofika kwenye bati kuzibwa mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi mpango wenyewe ni huu. Kwanza kivuli. Pili maji mengi ya kulainisha vumbi kabla ya kugusa. Tatu ndoo mbili, moja ya sabuni ya magari na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Nne kukausha kwa kitambaa laini. Tano nta. Sita, kama fedha ipo, seramiki. Mwenye kuanza na la sita akayaacha matano ya mwanzo amenunua mng'aro wa miezi michache.

Ndugu Mwenyekiti, wakati wangu umekwisha. Walio na maswali, nitakuwa chini ya mwembe pale baada ya chakula. Na walioegesha chini ya mwembe huo huo, nawashauri wayaondoe magari yao mapema, maana utomvu wake nao ni adui.