Mumi ndani ya tangi: neno kwa kamati za usharika, Bujora
Kambale mumi tunamjua: vifaranga wake ni chambo cha sangara, mkubwa ni kitoweo. Tangi la nyumbani anaweza kulivumilia, kwa kuwa hupumua pia hewa ya juu ya maji. Lakini humo hatagi mwenyewe. Jike hudungwa homoni, mayai hukamuliwa, na dume kwa kawaida huchinjwa ili kupata mbegu. Katika maji ya nyuzi 27 mayai huanguliwa kwa takribani siku moja.

Hatari huja baadaye: aliyekua haraka humla mdogo wake. Sisi tulinunua tangi kabla ya kumpata mtu wa kuwatenganisha wakubwa na wadogo; tukabaki na wachache walioshiba.

Basi, kamati ichague mtu kwanza, ndipo tuombe fedha za tangi.