Mahakama ya Rufani Inapima Nini? Mapitio ya Hukumu za Jinai katika Jimbo la New York



Sisi tuliosomea sheria Afrika Mashariki tumelelewa na shauri la Pandya la mwaka 1957 na lile la Okeno la mwaka 1972. Mahakama inayosikiliza rufani ya kwanza sharti iupitie upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakitoa maelezo. Mwenye mazoea hayo akisoma hukumu ya rufani ya jimbo la Marekani hupigwa na butwaa. Majaji huandika kurasa nyingi bila kusema kama wao wanaamini mshtakiwa alitenda kosa.

Kwa maoni yangu, chanzo kikubwa ni juri. Hakimu wetu huandika sababu, na sababu hizo ndizo tunazozishambulia. Raia 12 wa juri hutamka tu kwamba mtu ana hatia au hana, kisha hurudi makwao. Basi rufani hugeukia yale yaliyoandikwa kwenye mwenendo wa shauri: jaji aliruhusu juri isikie nini, na aliielekeza vipi.

Ushahidi wenyewe haukuachwa kabisa. Tangu shauri la Jackson dhidi ya Virginia, 1979, mahakama huutazama ushahidi kwa jicho la kuupendelea upande wa mashtaka, kisha huuliza kama mtu yeyote mwenye akili timamu angeweza kuona kosa limethibitishwa bila kuacha shaka la msingi. Kizingiti hicho ni rahisi kwa mashtaka kukivuka. New York ina nyongeza tunayoweza kuielewa haraka. Divisheni yake ya Rufani, ngazi ya kati, hupima pia uzito wa ushahidi, kana kwamba ni mjumbe wa 13 wa juri. Mwongozo wake ni shauri la Bleakley la 1987. Inaweza hata kupunguza adhabu, au kushughulikia kosa ambalo halikupingwa kesi ilipokuwa ikisikilizwa, ikiona haki inadai hivyo. Mahakama ya Rufani iliyo juu yake, yenye majaji saba, kwa kawaida hushughulikia masuala ya sheria tu.

Hapo kwenye kupinga ndipo rufani nyingi hufia. Wakili aliyekaa kimya shahidi alipovuka mpaka amemfungia mteja wake mlango, hata kama kosa la jaji liko wazi. Kanuni hii ina mantiki, kwani jaji hupewa nafasi ya kujirekebisha papo hapo. Lakini mshtakiwa ndiye anayebeba uzembe wa mtu ambaye pengine hakumchagua, na njia inayombakia, ya kudai kwamba alitetewa vibaya, ni nyembamba tangu shauri la Strickland la 1984.

Pingamizi likishatolewa, hali hubadilika. Mwaka 1901 Mahakama ya Rufani ya New York ilitengua hukumu ya Roland Molineux, aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya sumu, kwa sababu juri ilielezwa habari za kifo kingine ambacho hakushtakiwa nacho. Kanuni iliyozaliwa ni kwamba maovu mengine ya mshtakiwa hayaletwi ili kuonyesha kuwa ndiyo tabia yake. Lazima yathibitishe jambo mahususi, kama vile nia au utambuzi.

Kanuni hiyo hiyo ilimfaa Harvey Weinstein, mtayarishaji wa filamu aliyehukumiwa miaka 23 jela mwaka 2020 kwa makosa ya kingono. Mwaka 2022 Divisheni ya Rufani iliiacha hukumu isimame. Aprili 2024 Mahakama ya Rufani, ikisoma mwenendo uleule, iliitengua kwa kura nne dhidi ya tatu. Walio wengi walisema wanawake watatu walitoa ushahidi kuhusu matendo ambayo hayakuwa kwenye mashtaka, na kwamba jaji alikosea pia kuruhusu mshtakiwa, endapo angepanda kizimbani, ahojiwe juu ya mwenendo wake mwingine. Wachache walipinga kwa ukali, na mimi sioni aibu kusema kuwa baadhi ya hoja zao ni nzito: katika makosa ya kingono, suala la ridhaa haliamuliwi kirahisi bila historia.

Kosa pekee halitoshi kutengua. Kama limegusa Katiba, mashtaka yanapaswa kuonyesha bila shaka la msingi kwamba halikudhuru. Ndivyo ilivyoamuliwa katika Chapman, 1967. Kwa makosa mengine New York hufuata Crimmins, 1975: ushahidi uwe mwingi wa kuzidi, na pasiwe na uwezekano mkubwa kwamba juri ingemwachia mshtakiwa bila kosa lile. Ajabu ni kwamba hapa majaji waliokataa kupima ushahidi wanaupima.

Matokeo nayo hutofautiana. Kosa la utaratibu huleta kesi mpya: Molineux aliachiwa mwaka 1902, ilhali Weinstein, mwaka 2025, alitiwa hatiani kwa shtaka moja na kuachiwa kwa jingine, na juri ikashindwa kuamua la tatu. Ushahidi ukionekana haukutosha kisheria, hakuna kesi ya pili, tangu shauri la Burks la 1978. Kwa hiyo wakili mzoefu huiweka hoja hiyo mbele, akijua fika kwamba ndiyo ngumu kuliko zote kushinda.