Kilima kile si kitupu

Wandugu wa Kolwezi na Fungurume,

Tuseme wazi. Mtu akituambia "kilima kile ni kitupu, hakuna kitu", tusikubali bure. Vilima vya shaba havina miti mingi kwa sababu udongo wake una shaba na kobalti nyingi, sumu kwa mimea. Lakini kuna maua yaliyozoea sumu ile. Watafuta madini wa zamani waliyafuata ili wajue shaba iko wapi. Paul Duvigneaud aliandika juu ya mimea hii 1958. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakaendelea na kazi. Walionyesha kwamba mingine haioti popote duniani, ni hapa Katanga tu. Kilima kikichimbwa chote, nayo inakwisha.

Hatukatai mgodi, ndugu zetu wanakula pale. Tunadai vitu viwili. Kwanza, Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inataka uchunguzi wa mazingira kabla ya kuchimba: tuusome, kwa lugha tunayosikia. Pili, vilima vingine viachwe vizima, na mimea yake ihesabiwe.

Udongo ule ni wa raia wote. Tukinyamaza, utaondoka na malori. Tuulize, tusichoke!