Tutenganishe Ghala na Jiko

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wenzake wa Trans Nzoia na Bungoma, mjini Kitale



Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi zamani, kompyuta iligoma kuwaka siku ya kuandaa jarida. Nikasakinisha Ubuntu upya, haraka haraka. Kompyuta ilipona, lakini picha za mikutano ya wananchi za mwaka mzima zilifutika. Mfumo na kazi zetu vilikuwa kwenye patisheni moja.

Mkulima wa huku hujenga ghala mbali na jiko, ili jiko likiungua mahindi yabaki. Kwenye Linux, jiko ni mfumo wenyewe. Ghala ni folda ya /home, yenye nyaraka, picha na mipangilio ya kila mtumiaji. Ikiwa na patisheni yake, mfumo unaweza kusakinishwa upya bila kuigusa, mradi msikubali ifomatiwe. Tena video zikijaa humo, hazizibi nafasi ya mfumo.

Utaratibu ni huu. Kwanza, nakilini kila kitu kwenye diski ya nje, mfungue faili kadhaa kuhakikisha. Pili, washeni kompyuta kwa flashi ya Ubuntu, mpunguze patisheni ya zamani kwa programu ya GParted, kisha mtengeneze mpya ya aina ya ext4. Tatu, hamisheni yaliyomo kwa amri ya rsync -aAXH, ambayo hutunza umiliki na ruhusa za kila faili. Nne, ipeni folda ya zamani jina lingine, mtengeneze /home tupu, na muandike UUID ya patisheni mpya kwenye faili ya /etc/fstab. Washeni upya, mhakikishe kwa amri ya findmnt /home. Folda ya zamani msiifute mpaka mmefanya kazi siku kadhaa bila tatizo.

Lakini tusijidanganye: patisheni mbili bado ni diski moja. Diski ikifa, au kompyuta ikiibwa, ghala na jiko huenda pamoja. Nakala ya akiba lazima ikae mahali pengine. Rekodi hizi zina majina na namba za simu za wananchi, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatutaka tuzilinde.