Gemu, Ubao na Somo la Historia: Mazungumzo kwa Wazazi na Walimu



Malalamiko ni yale yale kila mkutano wa wazazi unapofanyika. Mtoto anasinzia katika kipindi cha historia. Akiulizwa Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka gani, anatazama dari. Jioni, katika kibanda cha gemu, mtoto huyo huyo anataja kila silaha, kila hatua na kila mchezaji bila kusita, na pesa za mandazi zimeishia huko. Mzazi anakata kauli kwamba gemu zimemharibu mtoto kichwa.

Kichwa hakijaharibika. Kichwa kinachoshika mambo mia ya gemu kinaweza kushika pia kwamba Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka wa 1593. Linalofaa kuulizwa ni hili: gemu inampa mtoto nini ambacho daftari la historia halimpi?

Inampa nafasi ya kuamua. Katika gemu mtoto anachagua njia, anakosea, anapata hasara, kisha anarudi kujaribu tena. Darasani anaambiwa mambo yalivyokwisha kabla hajajua kwamba yangeweza kwenda vingine. Watu wa kale hawakujua mwisho wa mambo yao. Walikuwa na njaa, hofu, matumaini na pesa chache, na ilibidi waamue. Historia ikisomeshwa bila maamuzi hayo, inabaki orodha ya tarehe, na orodha humchosha hata mtu mzima.

Wako walimu waliolitambua jambo hili zamani. Mwaka wa 1971, katika jiji la Minneapolis nchini Marekani, mwanafunzi wa ualimu aitwaye Don Rawitsch alikuwa katika mazoezi ya kufundisha. Alipaswa kusomesha habari za walowezi wa karne ya 19 waliosafiri kwa magari ya kukokotwa na maksai kutoka Missouri hadi Oregon, safari ya zaidi ya kilomita 3,000. Kwanza alichora ramani kwenye karatasi ili wanafunzi wacheze kwa dadu na kadi. Wenzake wawili aliokaa nao nyumba moja, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, waliokuwa wakijifunza kufundisha hisabati, wakaona mchezo ule unaweza kuandikwa kwa kompyuta. Waliumaliza kwa muda wa wiki mbili hivi. Wakauita The Oregon Trail.

Wazazi wasidhani darasa lile lilikuwa na vifaa vya ajabu. Halikuwa na skrini hata moja. Kulikuwa na mashine kama taipureta kubwa, iliyounganishwa kwa laini ya simu na kompyuta iliyokuwa mbali. Mashine ilichapa swali kwenye karatasi, mwanafunzi akapiga jibu. Familia ina pesa kadhaa: itanunua maksai wangapi, chakula kiasi gani, nguo ngapi, risasi ngapi? Ukitumia pesa nyingi kwa chakula, maksai wanakuwa dhaifu. Ukisahau nguo, baridi ya milimani inakuua. Njiani kuna kuhara damu, magurudumu yanavunjika, mvua inaharibu akiba.

Kwa kuwa mashine ilikuwa moja, watoto waligawana kazi wenyewe. Mwenye vidole vyepesi alikaa kwenye mashine, kwa sababu katika kuwinda ilibidi neno lipigwe upesi. Hodari wa hesabu alitunza pesa, na mwingine akafuata safari kwenye ramani. Darasa lililokuwa likipiga miayo likaanza kugombea zamu.

Kuna jambo la pili katika kisa hicho, na ndilo linalomhusu mwalimu zaidi. Muhula ulipokwisha, Rawitsch aliufuta mchezo kwenye kompyuta, akabaki na nakala ya karatasi. Mwaka wa 1974 aliajiriwa na shirika la jimbo la Minnesota lililoshughulikia kompyuta za shule, akauingiza mchezo upya. Safari hii alirudi kusoma shajara za wasafiri wenyewe. Alitazama ni mara ngapi walitaja ugonjwa, hali mbaya ya hewa au kupotea njia, kisha akaupanga mchezo ili mambo hayo yatokee kwa kadiri hiyo hiyo. Uzuri wa mchezo haukumridhisha. Alitaka uwe karibu na kweli. Watoto wengi wa Marekani wakakua nao.

Hata hivyo mchezo huo ulikuwa na pengo. Ulimweka mtoto ndani ya gari la mlowezi, na mlowezi peke yake. Wenyeji asilia, ambao ardhi yao ndiyo iliyokuwa ikipitwa na kuchukuliwa, walionekana kwa mbali, kama sehemu ya mandhari au kama hatari. Miaka mingi ilipita wakilalamika. Toleo jipya lililotoka mwaka wa 2021 lilitengenezwa kwa kushauriana na wanahistoria wa jamii hizo, na likawapa nafasi ya kuwa wahusika wenye majina na safari zao.

Hapo ndipo penye funzo kwa kila mzazi. Gemu ya historia ina mtu aliyeitunga, na mtu huyo amechagua nani awe shujaa na nani aachwe nje. Mtoto anayecheza peke yake atachukua chaguo hilo kuwa ndiyo historia yenyewe. Mtoto anayecheza akiwa na mwalimu ataulizwa: "Ni nani hayumo humu?" Swali hilo moja lina thamani kuliko mashine.

Zipo gemu za siku hizi zinazopendeza macho zaidi. Mwaka wa 2018 kampuni ya Ubisoft ilitoa toleo la Assassin's Creed kuhusu Misri ya kale ambalo mapigano yote yameondolewa, ili mwanafunzi atembee tu kwenye miji na mahekalu huku akisikiliza maelezo. Likafuata la Ugiriki ya kale. Ni kazi nzuri, lakini inataka kompyuta yenye nguvu au mashine ya bei ghali, na Misri hiyo si Gede wala si Rabai. Shule yenye kompyuta mbili na umeme wa kukatika isingoje mpaka ipate mashine hiyo. Irudi pale Rawitsch alipoanzia: karatasi, dadu na kadi.

Hapa Kilifi kuna safari inayofaa mchezo kama huo. Mwaka wa 1913 serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwadai Wagiriama kodi ya nyumba na vijana wa kwenda kufanya kazi ya kibarua. Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, alizunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu na kuwakusanya watu, na viapo vikaliwa Kaya Fungo. Oktoba mwaka huo alikamatwa, akahamishiwa magharibi mwa nchi pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Januari 1914 wawili hao walitoroka, wakarudi nyumbani kwa miguu. Kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 600. Kwa njia ya mguu ni zaidi ya hapo. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na Mekatilili akakamatwa tena.

Mwanafunzi akisoma aya hiyo atakariri miaka miwili na majina mawili, basi. Akiicheza, mambo ni mengine. Darasa lichukue katoni lililokunjuliwa na kuchora njia yenye vituo 20, kutoka magharibi hadi Ugiriama. Vikundi vinne, kila kimoja na punje 30 za mahindi kuwa akiba ya chakula. Kila zamu inakula punje mbili. Kisha kadi za maamuzi. Reli ilikwisha kufika ziwani tangu 1901: je, wasafiri wafuate reli ambako kuna maji na watu, lakini pia askari, au wapite porini wenye simba na kiu? Wakifika kwa watu wasiojua lugha yao, waseme ukweli kuhusu wanakotoka au wafiche? Mmoja akishikwa na homa, mwenzake angoje au atangulie? Katoni, punje na dadu moja vinatosha, na watoto watabishana mpaka kengele ilie.

Mchezo ukiisha, kazi ya historia ndiyo inaanza. Kila kadi irudishwe mezani na iwekwe kwenye fungu moja kati ya matatu: lililoandikwa, linalosimuliwa, na lililobuniwa ili mchezo uende. Kutoroka kwa Januari 1914 kunaingia fungu la kwanza. Kisa cha kuku na vifaranga wake, ambacho karibu kila mtoto wa Kigiriama amekisikia na ambacho kila mzee anacho kwa namna yake, kinaingia la pili. Simba wa kituo cha tisa anaingia la tatu. Mtoto aliyefanya zoezi hilo mara moja hatadanganywa kirahisi na kila video inayosambazwa kwenye simu.

Baadaye watoto wenyewe watunge mchezo wao. Wanaoishi karibu na Gede, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2024, wana swali tayari: kwa nini watu waliuhama mji wenye nyumba za mawe, msikiti na visima? Wataalamu wametaja kupungua kwa maji, mashambulizi na kubadilika kwa biashara. Kikundi kinachotunga mchezo kuhusu swali hilo kitalazimika kusoma kuliko ambavyo mwalimu angekilazimisha kwa kiboko.

Sasa neno kuhusu vibanda. Gemu na kamari si kitu kimoja, ingawa siku hizi vinakaa chumba kimoja na kutumia skrini moja. Sheria haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, maonyesho ya video, udhibiti wa kamari na pia maktaba ni miongoni mwa mambo yaliyo chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo mwananchi anayeona watoto wa shule wakiwekeana dau katika kibanda cha mtaa, au kibanda kikiwa wazi kwao saa za masomo, ana haki ya kuripoti kwa msimamizi wa wadi, na ana haki pia ya kuuliza maktaba iliyo karibu naye ina nini cha kumpa mtoto huyo badala yake.

Nyumbani, mzazi asianze na kunyang'anya simu. Aketi kando ya mtoto dakika kumi aone anachocheza. Amuulize: ni nani unayemwongoza, anataka nini, anaweza kushindwa vipi, na hayo yalitokea kweli? Asiyejua kusoma anaweza kuuliza maswali hayo sawa na mwenye digrii. Gemu isiyo na majibu iwe ya burudani tu, na ipewe saa yake baada ya kazi ya shule.

Na wazee wasikae pembeni. Mtoto akija na kadi mkononi kuuliza babu alisikia nini kuhusu Mekatilili, au bibi anakumbuka nini kuhusu kaya, asiambiwe aende akasome kitabu. Mengi ya anayouliza hayajaandikwa popote, na fungu la pili la kadi zake halina pa kujazwa isipokuwa vinywani mwa wazee hao.